Ndege Iliyokalia Mkia

Asubuhi ile Bwana Milimita aliikuta ndege yake imekalia mkia.

Alisimama mlangoni mwa chumba chake cha kazi, kikombe cha chai mkononi, akaitazama kama mtu anayemkuta mgeni amejikaribisha kitandani. Jana alikuwa ameiacha imesimama kwa magurudumu yake yote matatu, pua imeinama kidogo kama inavyopasa. Sasa pua ilitazama dari, mkia ulikuwa umegusa meza, na gurudumu la mbele lilining'inia hewani.

Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa jambo la kupita. Kwake halikuwa hivyo. Maisha yake yote ya kazi yalikuwa ya ndege. Majirani walipenda kumwita injinia, naye aliwasahihisha kila mara: hakuwa injinia, alikuwa fundi wa bati za ndege, mkata bati na mpiga ribiti, zile pini za kuunganishia bati, na kazi ya injinia na ya fundi hazifanani. Ni kwa ukali huo wa kukiita kila kitu kwa jina lake ndipo wenzake wa karakana walipombandika jina la Milimita, likamganda, hata mke wake akawa analitumia anapotaka kumchokoza. Alipostaafu, mikono ilikataa kustaafu naye. Akaanza kuunga ndege ndogo za plastiki, hasa zile za zamani ambazo watu wameshazidharau, akizirekebisha mpaka zifanane na ndege zenyewe.

Na ndege za jeti zina tabia moja ambayo kila aungaye anaijua. Uzito wote uko nyuma. Usipoipa pua uzito, itakaa kitako kama mbwa. Milimita alikuwa ameipa. Alikuwa ameupima uzito huo, akaujaribu, kisha akaongeza kidogo kwa ajili ya tahadhari.

"Mama watoto," aliita, "umeigusa ndege yangu?"

"Mimi na vumbi la chumba hicho tulishapeana talaka," mkewe alijibu kutoka jikoni. "Muulize binti yako."

Binti yao alikuwa sebuleni, mguu tayari uko kwenye cherehani. Alikuwa mshonaji, mwanamke mzima mwenye wateja wake, aliyerudi kwa wazazi baada ya ndoa yake kuvunjika. "Mimi siingii huko, Baba. Nikidondosha kitu kimoja utanihesabia mbavu."

Milimita akaisukuma pua chini kwa kidole. Ilishuka. Alipoondoa kidole ilipanda tena, taratibu, bila kuyumba, kama mizani ambayo mtu amekalia upande wa pili.

Ndege hiyo haikuwa yake tangu mwanzo. Ilikuwa ya rafiki yake wa kiwanja cha ndege, fundi redio, ambaye alikuwa amefariki. Mjane wake aliileta ndani ya boksi lake la kale, akaliweka kwenye ngazi ya mlango, akakataa hata kukaribishwa kiti. "Chukua tu, shemeji. Nyumbani sina pa kuiweka," alisema, na akaondoka akitembea upesi kuliko umri wake.

Ilikuwa jeti ya kivita ya mtindo wa kale, urefu kama kiganja na nusu, tayari imeungwa. Lakini imeungwa vibaya! Mshono wa tumboni ulijazwa gundi ikafurika kama uji. Kioo cha rubani kilikuwa kimepakwa rangi nyeusi kwa ndani, hata hungeweza kuona kama mna kiti. Na ndege ilikuwa nzito ajabu, pua imezama mezani kana kwamba inanusa kitu. Fundi redio alikuwa mtu wa kulehemu waya mwembamba kama unywele bila mkono kutikisika. Mtu wa namna hiyo hafanyi kazi ya ovyo bila sababu. Lakini fundi akiona kazi mbaya ya fundi mwenzake huona nafasi ya kujionyesha, haoni swali la kuuliza, na Milimita hakuuliza.

Aliiweka kwenye friza usiku kucha. Ndivyo wafanyavyo waungaji: baridi huifanya gundi ya zamani kuwa kavu kama biskuti, na ukiigonga kidogo mshono huachia. Binti yake alipofungua friza kutafuta nyama alipiga kelele ya kicheko. "Baba, ndege hii tunaikaanga au tunaichemsha?"

Mshono uliachia kwa mlio mmoja. Ndani, kuanzia puani mpaka chini ya kiti cha rubani, fundi redio alikuwa amemimina risasi, ile ya kuyeyusha, si ya bunduki. Kipande kizima, kizito, chenye umbo la kidole kilichokunjwa. Kingetosha kusimamisha ndege tatu. Milimita alitikisa kichwa. "Huyu bwana alikuwa anaunga ndege au anazika mtu?" alisema peke yake, akakibandua.

Siku hiyo shemeji yake alikuwa amekuja kusalimia. Huyu alikuwa kaka wa mkewe, mtu wa mabega mapana na sauti ya kuuzia samaki, mwenye gereji ya tairi mtaa wa pili. Alikipima kile kipande mkononi, macho yakamng'aa.

"Shem, hii unaitupa? Nipe mimi. Naiyeyusha, naikata vipande vya kubalansi magurudumu."

"Chukua. Hapa ni takataka."

Milimita akaweka uzito wake mpya, mdogo, uliopimwa. Akaisugua kwa msasa mistari iliyotuna juu ya mabawa kama mishipa ya mkono wa mzee, kwa kuwa kwenye ndege ya kweli mistari hiyo imezama, akaichora upya kwa sindano, mmoja mmoja. Akapunguza unene wa makali ya mabawa. Akakikwangua kioo ile rangi nyeusi na kukisafisha kwa dawa ya meno mpaka kikawa angavu kama tone la maji. Ndani yake akatengeneza kiti kipya, chenye mikanda ya karatasi ya fedha, ikiwa wazi pande zote mbili, kana kwamba rubani anakuja sasa hivi. Aliitazama kazi yake, akaridhika. Asubuhi iliyofuata ndiyo ile alipoikuta ndege imekalia mkia.

Aliongeza uzito. Alitoboa tundu dogo kwenye tundu la gurudumu la mbele, akaingiza gololi za beringi, akaziba kwa gundi. Ndege ikasimama. Alipotoka kunawa mikono na kurudi, ilikuwa kitako tena. Akaingiza nati. Ikasimama, akageuka, akasikia nyuma yake mlio mdogo wa plastiki kugonga mbao. Safari hii hakugeuka upesi. Nywele za shingoni zilimwambia asigeuke.

Alipogeuka aliona mikanda ya kile kiti kidogo. Ilikuwa imefungwa.

Hakumwambia mtu. Mtu aliyejijengea heshima kwa vipimo hawezi kuanza uzeeni kusema kiti cha plastiki kimejifunga mkanda. Alifunga mlango wa chumba kwa ufunguo na kuutia ufunguo mfukoni, na kwa muda wa kunywa chai aliamini kwamba mambo yamekwisha.

Mchana huo huo kochi la sebuleni lilibonyea. Mkewe aliliona. Alikuwa anakunja nguo, na mto wa kochi, upande usio na mtu, ukashuka taratibu kama unapokaliwa na mtu mnene, springi zikalia, na ikaja harufu ya chuma kilicholoa, harufu ya sarafu zilizoshikwa na kiganja chenye jasho. Alibaki na shati mkononi.

"Milimita," aliita kwa sauti ya chini. "Njoo. Njoo polepole."

Walisimama wawili mlangoni. Mto ulibaki umebonyea. Kisha miguu ya kochi ikaanza kulia, mmoja mmoja, na ule wa nyuma ukavunjika kwa kishindo, na vigae vya sakafu chini yake vikapasuka kama biskuti chini ya kiatu.

"Hicho ni nini?" mkewe alinong'ona.

"Kochi limezeeka."

"Usinifanye mtoto, mume wangu. Kochi tumelinunua juzi. Umeleta nini humu ndani?"

Milimita aliutazama mlango wa chumba alioufunga, na mkewe akayafuata macho yake. Akamwita kaka yake. Kwa wanawake wengi kaka ni polisi, hakimu na mbeba mizigo.

Shemeji alifika na ovaroli lake lenye grisi, akicheka. "Yaani mnaogopa mdoli wa ndege? Shem, wewe umepanda juu ya mabawa ya ndege za kweli. Fungua mlango, niitupe jalalani, kisha dada anipikie."

"Usiishike," Milimita alisema.

"Kwani inauma?"

"Sijui. Ndiyo maana nasema usiishike."

Mlango ulifunguliwa. Jua la alasiri lilijaa chumbani, kila kitu kinaonekana, hata vumbi hewani. Ndege ilikuwa juu ya meza, imekalia mkia, kioo kinameta. Shemeji akaipita meza kwa hatua mbili, akaikamata mkiani kwa mkono mmoja kama mtu anayemkamata kuku, akaiinua.

Ikainuka, na papo hapo mkono ulioishika ukashuka. Ulishuka kama ulioangushiwa jiwe la kusagia; bega likatoka mahali pake kwa mlio wa kijiti kibichi, na kabla hajapata pumzi ya kulia, kitu kilimkalia. Hawakukiona, lakini waliona kinachofanywa na uzito: shingo ya shemeji ikizama katikati ya mabega yake, uso ukiwa mwekundu kisha wa zambarau, magoti yakitetemeka, yakikataa, yakikubali, na hatimaye mfupa wa paja la kulia ukivunjika na kuchomoza kupitia kitambaa cha ovaroli, mweupe, ukifuatwa na damu iliyoruka mpaka kwenye rafu ya rangi. Mtu yule mkubwa alikunjwa chini kama kiti cha kukunja. Paja la pili lilivunjika alipokuwa tayari sakafuni. Vigae vilipasuka kumzunguka katika umbo la duara.

Kisha uzito ukamwachia, ndege ikabiringika kutoka kiganjani mwake, ikasimama sakafuni, ikakaa kitako.

Walimpeleka hospitali, nyama na mifupa imechanganyika, akiwa hai kwa sababu tu alikuwa na mwili wa ng'ombe. Daktari aliuliza ni gari gani lililomwangukia. Shemeji mwenyewe, kabla hajachomwa sindano ya kumlaza, alimshika dada yake gauni na kumwambia maneno ambayo Milimita aliyasikia na kuyaweka moyoni: "Dada, ile risasi. Nilipoiyeyusha ilitoa harufu ya nyama iliyoungua. Nilidhani ni takataka."

Mke wa Milimita hakurudi nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa mjane wa fundi redio, akasimama mlangoni kwake kama mdai, akasema, "Mume wangu ni mjinga, lakini si adui yako. Uliniletea nini?"

Mjane alilia. Akasema hakujua yote. Alijua tu kwamba mumewe alikuwa anakaliwa na kitu, kwamba kilivunja vitanda na kumvunja mbavu, na kwamba bibi mganga mmoja alikuja siku moja, wakajifungia chumbani, na tangu siku hiyo nyumba ikatulia. "Nilifurahi, sikuuliza. Mtu aliyepona kidonda hakichokonoi." Kisha akajifunga kanga yake na kwenda kumtafuta bibi huyo.

Milimita alikuwa amerudi nyumbani kumtoa binti yake. Alimkuta kwenye cherehani. Alikuwa amekataa kuondoka kwa sababu ya gauni la harusi la mteja. "Nimebakiza pindo tu, Baba, dakika moja," alisema, na mguu wake ukaendelea kukanyaga, na sindano ikaendelea kupanda na kushuka, na Milimita aliyekuwa anavuka sebule kumfikia akaona kiti cha binti yake kikishuka kama kochi lilivyoshuka, akaona mikono yake ikibandikwa juu ya meza ya cherehani kama iliyogongomewa, akaona kichwa chake kikiinamishwa kuelekea kwenye sindano iliyokuwa bado inapanda na kushuka ingawa hakuna mguu tena uliokuwa unakanyaga, kikiinamishwa kidogo kidogo, na binti huyo, mwanamke mzima aliyekwisha kuvumilia mume mgomvi, akisema kwa sauti ya mtoto, "Baba, kizito. Baba, kizito, kizito."

Milimita aliirukia cherehani, akaipindua. Sindano ilipita kwenye shavu badala ya jicho, ikachana mpaka kwenye taya. Akamvuta. Ilikuwa kama kuvuta mti wenye mizizi. Alipomlaza sakafuni, kitu nacho kikamfuata binti. Kilimkalia kifuani. Alisikia ubavu wa kwanza wa mtoto wake ukivunjika, na katika kazi zake zote za kuvunja na kukata hakuwahi kusikia mlio mdogo namna ile na mbaya namna ile.

Hivyo ndivyo bibi mganga alivyowakuta, alipoingia na mke wa Milimita na mjane: baba amepiga magoti, anasukuma hewa kwa mikono miwili, na binti anapumua kwa vipande.

Alikuwa bibi mfupi, mkavu, asiye na kibuyu wala ushanga, amevaa sweta la kushonwa mkono. Hakusalimia. Alitazama kifua kilichobonyea, akamtazama Milimita.

"Nani kamfungulia Mkaaji?"

"Nini?"

"Ana jina lake, silitaji. Mwite Mkaaji. Kazi yake ni kukaa. Tulimpa kiti, tukamzibia dirisha asione pa kwenda, tukamtilia nanga. Risasi iko wapi?"

Mkewe ndiye aliyejibu, machozi yakimtoka. "Iko barabarani, bibi. Kaka yangu aliipigilia kwenye magurudumu ya wateja. Inazunguka."

Bibi alifumba macho. "Basi imekwisha. Lakini risasi ilikuwa shuka tu. Nanga ilikuwa ndani yake."

"Ndani kulikuwa na nini?"

Mjane, aliyekuwa amebaki mlangoni, ndiye aliyeelewa kwanza. Alijishika mdomo. "Vidole vyake," alisema. "Vidole vya mguu. Aliniambia shoka lilimponyoka."

"Alikuwa mtu wa dansi," bibi alisema. "Ukumbi mzima ulikuwa ukimpisha. Nilimwambia Mkaaji hashikwi na kitu ambacho mtu hakihitaji. Akatoa alichokipenda." Alimgeukia Milimita. "Haraka. Huyu mtoto hana mbavu za kutosha."

"Chukua mguu," Milimita alisema. "Chukua wote."

"Wewe unacheza dansi?"

Bibi aliinyoosha shingo kuelekea kwenye mkono wake wa kulia, uliokuwa bado unasukuma kile kisichoonekana, na kuelekea kwenye dole gumba lenye sugu ngumu ya kushikia kisu, kibanio, nyundo ya ribiti. Dole ambalo kwa miaka yote lilikuwa likijua unene wa bati kabla ya kipimo. Ubavu wa pili ulivunjika.

Milimita alikwenda chumbani, akaipita damu ya shemeji, akautoa ukutani mkasi wake wa bati. Aliiweka ndege mezani, akaipasua mshono kwa kisu, na pua ikatema gololi na nati zake zote sakafuni. Akaliweka dole gumba katikati ya meno ya mkasi, akabana kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kushoto haukuwa na nguvu hiyo. Ngozi ilikatika, nyama ikakatika, mfupa ukakataa, na akabaki amesimama hapo, mkasi umemuuma, jasho linadondoka juu ya mabawa aliyoyachora kwa sindano.

"Mama watoto," alisema. "Njoo unisaidie kubana."

Mkewe alikuja. Alitazama mara moja tu. Kisha akaishika ile mipini kwa mikono yake miwili, juu ya mkono wa mumewe, akaweka kifua chake juu yake, na wakabana pamoja kama walivyokuwa wakibana nguo nzito za kufua katika miaka ya ujana wao, mpaka meno ya mkasi yakakutana.

Hakupiga kelele. Mkewe ndiye aliyepiga.

Dole liliingia puani kama lililopimiwa. Sebuleni kilisikika kishindo, kisha sauti ya mtoto wao akivuta pumzi ndefu, yenye kukoroma, ya kwanza kamili tangu sindano. Na papo hapo kile kiti kidogo chenye mikanda kikalia, plastiki ikajipinda chini ya uzito, na ndege ikaanza kutetemeka juu ya meza.

"Funga!" bibi alipiga ukelele. "Funga, kabla hajaona dirisha!"

Milimita alikinyunyizia kile kioo rangi nyeusi ya kopo, ndani na nje, bila ustadi wowote. Mkewe akapaka gundi kwenye kingo za zile nusu mbili za mwili wa ndege, kulia na kushoto, kama alivyokuwa amemwona mumewe akifanya mara elfu. Akaziunganisha, akazibana kwa viganja. Wakasubiri. Ndani, kitu kilisukuma. Alihisi kikisukuma viganja vyake kama mguu wa mtoto tumboni, lakini chenye nguvu za mwanamume.

"Imeshika?" aliuliza.

Milimita, kitambaa kimefungwa mkononi na tayari kimelowa, aliinama akautazama mshono. Ulikuwa mwekundu toka puani mpaka mkiani. Damu yake ilikuwa imeingia kila mahali kabla ya gundi. Na gundi ya plastiki huyeyusha plastiki ikagandana na plastiki. Pakiwa na unyevu katikati, haishiki. Ni jambo ambalo mwanafunzi hufundishwa siku ya kwanza.

"Haijashika," alisema.

"Itashika lini?"

"Haitashika. Inabidi kwanza kufuta damu."

"Basi ifute!"

"Ili niifute, mama," alisema taratibu, "lazima ufungue."

Walijaribu kamba. Ilipigwa mizunguko mingi na fundo la karakana, lakini mara tu mke alipolegeza viganja ilikatika kama uzi uliooza, na sebuleni binti yao akaguna, na godoro walilomlaza likaanza kushuka. Walijaribu waya wa ribiti. Ukakatika. Walijaribu jiliwa ya mezani, ile ya kubania vyuma; meno yake ya chuma yakatanuka kama ya nta. Bibi mganga alitazama yote hayo, kisha akavaa viatu vyake.

"Kamba na chuma vinachoka," alisema. "Mkono wa mtu unachoka pia, lakini una sababu ya kutoachia. Shikeni." Akaondoka na mjane, na hakudai chochote.

Binti alipona. Ana kovu la shavuni na pumzi fupi, lakini alipona, akahamia mtaa mwingine, akaolewa tena na mtu mpole. Mjomba wake anatembelea magongo mawili na hacheki kwa sauti. Binti huja kuwasalimia wazazi wake kila apatapo nafasi, huwalisha kwa kijiko, huwaogesha kwa zamu, naye huwa haulizi. Amewahi kusema mara moja tu, "Mama, leo nishike mimi, mpumzike," na mama yake, mwanamke mpole asiyewahi kumpiga, alimpiga teke la goti.

Wanaozoea nyumba ile wameshajua. Mmoja wa wazee hao wawili daima yuko kwenye meza ya chumba cha nyuma, viganja vimeibana ndege juu ya kitambaa cheupe, mishipa imesimama. Mwingine amelala kando yake sakafuni, akingoja zamu. Wanapobadilishana, huteleza viganja juu ya viganja, kidole baada ya kidole, polepole, bila kuacha upenyo, yeye mwenye vidole kumi na yeye mwenye tisa. Mgeni akiwatolea mkono kuwasalimia, hupewa kiwiko.